Dinari Nilizozisugua kwa Majivu

Bugarama, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Spesioza,

Umekwenda Nyakisasa kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachia mpaka umekula, umefungiwa vya njiani, na umesikiliza habari zote za mguu wake. Kwa hiyo ninao mchana mzima. Nimefunga mlango wa mbele ili majirani wadhani tumekwenda wote wawili, nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, na ninaandika kwenye daftari lako la Jiografia kwa sababu ndilo lililobakiwa na kurasa safi. Usinikasirikie kwa daftari. Humu ndani utakuta mengine ya kunikasirikia.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala vidonge vya malaria, wala kukaa mbali na wanaume wa kwenye malori. Hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka umeanza kuyajibu kabla sijayamaliza. Kesho asubuhi lori litaondoka kambi ya wakimbizi ya Lukole na wewe ukiwa ndani yake, utavuka kwenda Burundi kukiona kilima ulikozaliwa, na mimi nataka kukuandikia habari za sufuria zangu.

Umekua ukiona sufuria za nyumba hii ni nyeusi. Ulipokuwa darasa la tatu ulirudi unalia kwamba watoto wa jirani wamesema mama yako ni mchafu, hasugui vyombo kwa nje. Nikakuambia masizi yanatunza moto, chakula kinaiva upesi. Ulikubali, ukaenda kuwaambia, wakakucheka zaidi. Ule ulikuwa uongo. Kabla hujaja, mimi nilikuwa mwanamke msafi kupita wote upande huu. Sufuria zangu nilizianika uani, mtu akipita njiani anafumba macho. Mabinti waliokaribia kuolewa waliletwa kwangu kuonyeshwa: majivu ya maganda ya ndizi, mchanga laini wa mtoni, kiganja, na hasira kidogo. Mume wangu alikuwa amekwenda Biharamulo kwenye machimbo ya dhahabu na kuoa huko, watoto wangu wawili nilikuwa nimewazika nyuma ya migomba, na usafi ndio uliokuwa umebaki wa kujivunia. Sikuambii haya ili unihurumie, nataka tu umjue mwanamke aliyekupokea.

Unajua nilikuchukua kambini. Hilo sikukuficha, na nisingeweza, maana kijiji kizima kiliona. Ila hujawahi kusikia vizuri ulivyofika. Ulifika mgongoni mwa mwanaume. Watu walitoka nje kutazama: mzee mrefu, koti la suti lililopauka, kofia kichwani, na mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge kama afanyavyo mama. Alikuwa ametoka Lukole kwa miguu kutafuta kibarua. Nikampa jembe apalilie maharage. Kufika jioni alikuwa ameng'oa maharage na kuacha magugu yamesimama vizuri kwa mstari. Nilimfokea mpaka sauti ikakwama. Akavua kofia, akaniomba radhi kwa maneno mazuri kiasi kwamba nilijikuta nacheka. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mashavu na mikono ilikuwa laini, ya mtu wa darasani.

Aliitwa Mwalimu Bonaventura, na ni babu yako, baba wa mama yako. Miaka mingi alikuwa amefundisha Kilatini kwenye shule ya mapadre huko kwao. Tangu siku ile sikumpa tena jembe. Nilimpa mahindi apukuchue, kazi ambayo haihitaji macho, na wewe ulikaa kati ya miguu yake ukichezea magunzi. Alisema Kirundi, mimi Kihangaza, na tulielewana bila shida. Alikuja mara nyingi. Mwisho wa siku nilimpa ndizi za kubeba, na nikianza kuona amechelewa kufika nilikuwa natoka kuchungulia njia. Sikumchungulia yeye, Spe. Nilikuchungulia wewe.

Siku moja ya mvua, kazi imesimama, alitoa mfukoni mwa ndani wa koti kifuko cha kitambaa. Akamwaga kwenye ungo wangu vipande vya fedha vidogo, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole gumba, vyeusi kwa uzee.

"Dinari," akasema.

"Zile za kwenye Injili?"

"Zile zile. Za makaisari wa Roma. Huyu Trayano. Huyu Hadriano. Huyu mnene wa shingo ni Vespasiano."

Nilifanya ishara ya msalaba. Makaisari waliowatupa watakatifu kwa simba, leo wamo ndani ya ungo wangu wa kupepetea! Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba alipewa na padre mmoja mzee wa Kizungu aliyemfundisha, naye akawa anazitumia darasani. Kila mwanafunzi alipewa dinari moja aishike kipindi kizima, asome herufi zilizozunguka kichwa, atafute kaisari ni nani.

"Sasa unazisomaje, Mwalimu, na macho haya?"

"Mwenye macho anasoma herufi. Mimi ninasoma pua."

Akapitisha kidole gumba juu ya kimoja, polepole, akasema: "Hadriano. Ana ndevu, na pua inaanzia juu." Halafu, bila kuulizwa, akaanza kutaja majina ya wavulana. Walikuwa ni wanafunzi waliowahi kuishika dinari ile, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayeita mahudhurio. Wengine alisema wamekuwa mapadre, mmoja daktari. Wengine alisema wameuawa. Wengine alitaja jina tu na kunyamaza, kwa kuwa hakujua wako wapi. Alipomaliza Hadriano akachukua Trayano. Nilimsikiliza mpaka mvua ikakatika, na hata mimi, nisiyemjua hata mmoja wa watoto wale, nililia.

Na wewe pia akakufundisha. Hukuwa umefika hata miaka mitatu. Alishika kidole chako, akakipitisha juu ya uso, akauliza, "Ni nani huyu?" Ukajibu, "Ndevu!" Akikupa kingine unasema, "Hana ndevu!" Na kulikuwa na kimoja chenye kichwa cha mwanamke, nywele zimesokotwa na kurundikwa utosini. Hicho ukikishika huulizwi. Ulikuwa unakiweka shavuni na kusema, "Mama."

Yule mwanamke alikuwa Faustina, mke wa Kaisari Antonini. Mwalimu alipata watoto wawili, akawapa majina kutoka kwenye dinari zake. Mvulana akamwita Antonini, msichana akamwita Faustina. Faustina ndiye mama yako; alifia njiani, hakufika kwenye mto wa mpakani. Siku waliyokimbia, Antonini aliingia njia nyingine na vijana wenzake, na kabla hawajaachana baba yake alimpa dinari ya jina lake akaishone kwenye upindo wa shati. Ya Faustina ilibaki kwa mzee. Wewe ulipozaliwa alikuita Lusila, kwa sababu katika vitabu vyake kulikuwa na Lusila aliyekuwa binti wa Faustina. Hilo ndilo jina lako. Lusila. Jina la Spesioza nilikupa mimi mara tu ulipobaki kwangu, na sikuwahi kukuambia nililipata wapi. Ni la binti yangu wa kwanza, yule wa kaburi dogo la kulia. Nilikuvika jina la maiti kwa sababu nilikuwa sijachoka kuliita.

Ngoja nirudi kwenye dinari. Kambini watu walikuwa wanachana maturubai kwa wembe na kuchukua vya wenzao. Mwalimu akaniomba nimtunzie kifuko. "Mama," akaniambia, "nyumba yako ina mlango." Nikakiweka ndani ya chungu cha mbegu. Kisha akaugua. Wakamlaza kwenye hospitali ya kambi, ile ya mahema, na wewe ukakaa kwangu. Wiki ya tatu akatuma mtu kwamba anaomba aletewe fedha zake azishike.

Unajua desturi yetu. Chombo cha mtu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Nilizimwaga zile dinari kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikazitazama kwa macho ya mama mwenye sufuria zinazong'aa, na nikaona uchafu. Nikaona aibu mgonjwa arudishiwe vitu vyeusi vile kana kwamba vilitoka kwenye nyumba isiyo na mwanamke. Nikachukua majivu. Nikachukua mchanga. Weusi ulipogoma nikakamua ndimu, na ulipogoma zaidi nikaleta jiwe la kunolea panga. Nilisugua tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani, nikiimba. Nilikuwa na furaha, Spe. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Zilitoka nyeupe, zinameremeta, laini pande zote mbili. Ni Faustina peke yake niliyemwacha, kwa sababu ulikuwa umelala umemfumbata na sikutaka kukuamsha.

Nikazifunga kwenye leso safi, nikabeba na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, nikakufunga mgongoni, nikaenda.

Alifurahi kusikia sauti yako. Nikamwekea leso mkononi. Akachukua ya kwanza, gumba likapita. Likarudi. Likapita tena. Akaigeuza. Akaiweka kifuani akachukua nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama pale natabasamu, nasubiri shukrani.

"Mama," akaniuliza, "hizi umeniletea za nani?"

"Zako, Mwalimu! Nimekusafishia."

Akachukua nyingine, na nyingine, akafika mwisho. Hakupandisha sauti. Alizikusanya zote kwenye kiganja akazifunika kwa kiganja cha pili, na midomo yake ikawa inatembea. Nilikuja kuelewa njiani wakati wa kurudi kwamba alikuwa anajaribu kuita yale majina ya wavulana, na hajui aanzie wapi. Mwishowe akasema, "Urakoze, Mama. Urakoze cane." Ndiyo asante sana yao. Alinishukuru! Laiti angenitukana ningepumua.

Kabla sijaondoka nilimtolea Faustina kutoka mkononi mwako. Gumba lake lilipogusa nywele zile alilia waziwazi, kisha akakurudishia. Akaniambia, "Antonini yu hai, nahisi hivyo. Akija, atakuwa na mume wa huyu. Waweke pamoja waonane, halafu umpe mtoto." Nikamwahidi. Nilimwahidi mtu aliyelala na fedha zisizo na sura kifuani, na mimi ndiye niliyezifuta. Alikufa siku chache baadaye. Tulimzika na zile dinari mfukoni mwa koti, maana hakuna aliyezitaka. Wanawake wa turubai lake wakaniachia wewe, nikakuleta nyumbani.

Kosa hilo la kwanza, Mungu anajua, nilifanya kwa mapenzi. Ningekuwa na hilo tu ningekusimulia zamani, tukalia, tukacheka kidogo, na sufuria zangu zingeendelea kung'aa. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Jumapili moja, baada ya ibada kigangoni, katekista akaniambia kuna kijana kutoka Burundi yuko Lukole, anauliza habari za mzee mmoja mwalimu wa Kilatini na mtoto wa kike. Wale wanawake walionikabidhi wewe walikuwa wameshahamishwa, hakuna aliyemjibu sawasawa, lakini kuna mtu amekumbuka kwamba mzee alikuwa na kibarua Bugarama. Nilimshukuru katekista. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida, nikasalimia watu njiani. Wewe ulikuwa unacheza. Nikamtoa Faustina kwenye kibweta, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye jiwe lile lile, mchana kweupe.

Mara hii sikuimba. Nilianza na pua yake. Halafu nywele, ambazo zilikuwa nene na zilichukua muda. Nikageuza upande wa pili nikamaliza na huko. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ulipokiona jioni ulilia mpaka ukatapika. Nikakuambia kimeisha kwa sababu umekichezea mno. Nilikutwika wewe, mtoto, kosa langu. Ndicho kile kisahani cha fedha unachokiweka pamoja na rozari yako, unachosema kila mara kwamba ulikiharibu utotoni. Hukukiharibu.

Siku ya pili akaja. Mwembamba, viatu vya matairi, muwa mkononi. Labda unamkumbuka, maana alikata kipande cha muwa ule akakupa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Niko natafuta mwarimu mmoja mzee, Mama. Ni baba yangu."

Nilimkaribisha. Nilimpa maji, nikamchomea ndizi. Nikamwambia kwa Kihangaza kwamba mzee nilimfahamu, alikuwa mtu mwema, alifariki, nikamweleza kaburi liko upande gani. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akauliza habari za mtoto. Nikasema mtoto alichukuliwa na watu wa kambini, sijui waliko. Akakutazama wewe pale uani, unatafuna muwa. Masikio yake na yako, Spe, mtu angefikiri yamekatwa na mkono mmoja.

"Na huyu?"

"Wa mdogo wangu, wa Biharamulo."

"Anaitwa nani?"

"Spesioza."

Akafumua upindo wa shati akatoa dinari yake akaniweka kiganjani. Sikutaka, lakini gumba langu lilipita lenyewe. Nilizikuta ndevu za Antonini, na pua, na jicho. Akasema mzee alikuwa na mwenzake huyu, wa kike. Nikaenda ndani nikamletea kile kisahani. Nikamwambia, "Alichoacha ni hiki tu." Akaviweka viwili pamoja kwenye kiganja chake, akageuza, akainua kwenye mwanga. "Siyo chenyewe," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Halafu nilimsindikiza. Nilitembea naye mwenyewe kwa njia ya nyuma, ya bondeni, ili asikutane na majirani. Wote walioniona kwa mbali waliniona mama mkarimu anayemsindikiza mgeni. Tulipoagana aliniambia: "Mama, ukisikia lolote, niko Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Cankuzo. Naoka matofali karibu na soko. Uliza Antonini wa Mwalimu, kila mtu ananijua." Akarudia mara mbili, kwa kuwa aliona sina kalamu.

Tangu jioni ile sikusugua tena chombo kwa nje. Nikichukua majivu mkononi naona pua ya mwanamke inakwisha. Kipande cha sabuni kikichakaa nakitupa kabla hakijawa laini kabisa, kwa sababu naliona gumba la Mwalimu likikitafuta uso. Zipo ndoto pia. Wanakuja wavulana mlangoni na sare zao za shule, wanasimama kwa mstari wakinisubiri niwaambie wao ni akina nani, na pale penye sura hakuna kitu. Umewahi kuniuliza kwa nini huwa naongea usingizini. Huwa nabahatisha majina.

Ungetaka kujua nimejifunza nini, maana wazazi wakiandika barua huweka na hayo. Ni machache, na nimeyapata kwa kuchelewa. Nilidhani kila kilicho cheusi ni uchafu, na sikuuliza mwenyewe kabla ya kuanza kusugua. Na nilidhani nikimwondolea mtoto watu wake, atabaki wangu mzima. Hukubaki mzima. Nimekuona miaka yote ukitazama nyuso za wanawake kwenye malori ya Warundi yakipita, nikajifanya natafuta kuni. Nilikupenda, na bado ninakupenda. Lakini mapenzi yale yalikuwa na woga mwingi, na woga ulinifanya hodari wa kazi mbaya.

Umeniambia unakwenda kuona kilima tu, kwa kuwa huna mtu kule. Unaye. Mjomba wako alikuwa hai, akakutafuta kwa miguu, akakaa kwenye kigoda hiki nilichokalia. Mpelekee kile kisahani umwambie ndicho, na kwamba aliyekisaga ni mimi. Mwambie jina lako ni Lusila kabla hajakuuliza chochote.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, lori likishawashwa, ili uisome nikiwa mbali. Nimeandika mpaka hapa nikaona ningekuwa namsindikiza mgeni kwa njia ya bondeni mara ya pili. Basi nitakupa leo ukiingia, kabla hatujala, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kuuliza, nitajibu. Ukitaka kunipigia kelele mpaka majirani waje, nitafungua mlango waje wasikie. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi na kesho upande lori bila kuniaga, nitakubebea mzigo mpaka njiapanda na kurudi.

Nasikia watoto wa jirani wanakuita jina, kwa hiyo umeshafika kwenye migomba yao. Nafungua mlango.

Niliyekulea,
Veneranda